Tormentor ya Budapest na kanda ya "Anno Domini": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali kuhusu Tormentor ni ya aina mbili. Yapo yanayohusu bendi yenyewe, na yapo yanayohusu sauti: mbona nakala yangu imefifia, mbona ya mwenzangu inakwenda mbio zaidi, hii ninayouziwa ni yenyewe kweli? Aina ya pili ndiyo nyingi, na tumeipa nafasi kubwa. Mengi yanayosemwa juu ya "sauti chafu" ya bendi hii ni makosa ya kanda, wala wanamuziki hawahusiki.

Tormentor ni bendi gani?

Ni bendi ya black metal ya Hungaria, iliyoanzia jijini Budapest katikati ya miaka ya 1980. Mwimbaji wake ni Attila Csihar, aliyezaliwa 1971. Kanda iliyowapa jina, *Anno Domini*, ilirekodiwa 1988, kwa hiyo sauti ile inayotisha ni ya kijana wa miaka kama 17. Kanda iliyotangulia ni *The Seventh Day of Doom* ya 1987.

Kwa mpangilio wa nyakati: Venom ya Uingereza ilitoa *Black Metal*, albamu iliyoupa muziki huu jina, mwaka 1982. Bathory ya Uswidi ikatoa albamu yake ya kwanza 1984, na Mayhem ya Norwei ikatoa *Deathcrush* 1987. Tormentor ni watu wa wimbi la kwanza hilo. Wimbi la pili, lile la Norwei ambalo kila mtu analijua, lilikuja baadaye, na walioliunda walikuwa wameshaisikiliza kanda hii.

Nimetafuta "Tormentor" nikaletewa Wajerumani. Ndio hao?

Sio. Kreator ya Essen ilijiita Tormentor kabla ya kubadili jina, na albamu yao ya kwanza, *Endless Pain* ya 1985, ina wimbo unaoitwa hivyo hivyo. Wapo na wengine waliotumia jina hilo. Tafuta "Tormentor Csihar", au jina la bendi pamoja na "Anno Domini". Usitafute "Anno Domini" peke yake, utazama kwenye kwaya.

Kama ilirekodiwa 1988, kwa nini ilitoka rasmi 1995?

Hungaria ya 1988 ilikuwa bado chini ya chama kimoja, na sahani za santuri zilikuwa mikononi mwa kampuni ya serikali iliyotumia lebo kama Hungaroton na Start. Sanaa iligawanywa kwenye mafungu matatu ambayo Wahungaria huyaita T tatu: *támogatott, tűrt, tiltott*, yaani inayosaidiwa, inayovumiliwa, na iliyopigwa marufuku.

Wengi hudhani hevi metali ilikuwa fungu la tatu. Haikuwa hivyo. Pokolgép, bendi ya Budapest hiyo hiyo, walitoa santuri yao *Totális metal* mwaka 1986 kwa lebo ya Start. Ila Pokolgép walipiga hevi metali ya kawaida na kuimba Kihungaria. Vijana waliokuja na nyimbo zenye majina kama "Damned Grave" na "In Gate of Hell", tena kwa Kiingereza, walikuwa na njia moja iliyokuwa wazi kila wakati: kaseti tupu na redio yenye deki mbili. Jamhuri ilitangazwa tarehe 23 Oktoba 1989. Miaka michache baadaye bendi ilikuwa imeshavunjika, lakini kanda iliendelea kutembea.

Mwaka 1995 Nocturnal Art Productions, lebo ya Norwei ya Samoth, mpiga gita wa Emperor, iliitoa kwa CD. Ndiyo maana utakuta tarehe mbili kwenye orodha mbalimbali. Zote ni sahihi, ila moja ni ya kurekodiwa na nyingine ni ya kutolewa.

Ilifikaje Norwei bila lebo, bila redio, bila duka?

Kwa posta.

Kwanza neno lenyewe, andagraundi. Kwa mpenzi wa Bongo Fleva, msanii wa andagraundi ni yule ambaye hajatoka, anayesubiri siku yake. Huku andagraundi ni kijiji. Watu hawasubiri kutoka. Wanaandikiana.

Unapata anwani kwenye jarida la mashabiki, lile linalochapwa kwa taipureta na kutolewa kwa fotokopi. Mojawapo lililosomwa sana ni *Slayer* la Norwei, lililoanza 1985 chini ya Jon Kristiansen, maarufu kwa jina la Metalion. Unamwandikia mtu barua na kuambatisha orodha ya kanda ulizonazo. Naye anakutumia yake. Kila mmoja anachagua, mnadurufu, mnatumiana. Hakuna fedha inayobadilishana mikono isipokuwa ya stempu, na kwa nchi ambazo fedha zake hazibadilishiki kirahisi, kama za Ulaya ya Mashariki wakati huo, hilo ndilo lililowezesha jambo zima.

Kulikuwa na ufundi wake:

Kanda ilitumwa bila boksi lake la plastiki gumu, kwa sababu boksi ni karibu nusu ya uzito wote na halifiki zima. Karatasi ya jalada ilikunjwa kuzunguka kanda yenyewe.

Nafasi iliyobaki kwenye bahasha ilijazwa vipeperushi vidogo vya bendi nyingine, ukubwa wa kiganja. Ukivipokea unabaki navyo vichache na kuvipeleka vingine mbele. Ndivyo jina la bendi lilivyofika mahali ambapo kanda yake haijafika.

Ukitaka mtu asiyekujua akujibu, ulitia kuponi ya kimataifa ya majibu, ile ya Umoja wa Posta Duniani, ambayo mpokeaji huibadilisha posta ya kwao kwa stempu ya barua ya nje. Waliowahi kuwa na rafiki wa kalamu ughaibuni wanaikumbuka.

Na kulikuwa na mchezo wa stempu. Stempu inapakwa gundi ya karatasi au sabuni, tabaka jembamba tu. Muhuri wa posta unakaa juu ya tabaka hilo badala ya karatasi. Mpokeaji anazikata, anazirudisha, unazilowanisha kwenye maji ya vuguvugu na muhuri unaondoka na sabuni. Barua nyingi za enzi hizo zina mstari mmoja chini kabisa: nirudishie stempu zangu. Ulikuwa wizi mdogo wa posta, hatuupambi.

Nakala yangu inasikika kama imezamishwa kwenye ndoo ya maji. Bendi ndivyo ilivyopiga?

Hapana, au tuseme si kwa kiasi hicho. Unachosikia ni vizazi.

Kanda ya kwanza ni kizazi cha kwanza. Nakala yake ni cha pili, nakala ya nakala ni cha tatu. Utepe wa kaseti una mvumo wake wa asili, ule mlio wa "shhh", na kila unapodurufu unaongeza mvumo mpya juu ya ule uliokuja na nakala uliyopewa. Kama kanda zote ni za ubora mmoja, nguvu ya mvumo kwenye kizazi cha pili ni mara mbili, yaani desibeli 3 zaidi. Kizazi cha tano ni desibeli 7 zaidi, na cha kumi ni 10. Kanda ya kawaida ya feri isiyo na Dolby (mfumo wa kupunguza mvumo) huanza na nafasi ya takriban desibeli 50 tu kati ya muziki na mvumo. Hesabu ilivyo, mvumo peke yake haumalizi muziki haraka.

Kinachoumaliza ni kupotea kwa trebo, yaani sauti za juu. Tuseme kila udurufu unapunguza desibeli 3 kwenye masafa ya kilohezi 10. Baada ya vizazi vitano umepoteza hatua nne za desibeli 3, yaani 12, na matoazi ya dramu hayapo tena, yamebaki kama mchanga unaomwagwa. Sauti za chini hazipungui kwa kiasi hicho, ndiyo maana inasikika kama ndoo ya maji. Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, kukaa mshazari. Mwanya wa hedi unatakiwa uwe wima kabisa dhidi ya utepe. Deki mbili zisizolingana, hata kwa sehemu ndogo ya digrii moja, zinakula trebo, na kosa hilo likishadurufiwa halirudi.

Ya pili ni kudurufu kwa kasi maradufu, kile kitufe cha haraka kwenye redio za deki mbili. Sauti ya kilohezi 10 inapita kwenye mitambo kama kilohezi 20, na redio nyingi za bei nafuu haziwezi kuipitisha. Walioheshimu kazi walidurufu kwa kasi ya kawaida, kanda ya saa moja kwa saa moja.

Ya tatu ni Dolby. Kanda iliyorekodiwa bila Dolby ukiichezesha na Dolby imewashwa inakuwa butu. Iliyorekodiwa na Dolby ukiichezesha bila Dolby inakuwa kali na yenye mvumo. La kwanza likitokea katikati ya mnyororo wa vizazi, wote wanaofuata wanarithi ubutu.

Sasa toa hayo yote, sikiliza toleo la CD, ndipo usikie bendi: magita ni membamba lakini kila noti inasikika, dramu ziko mbele, na sauti ya Csihar ina mwangwi uliowekwa kwa makusudi. Mwangwi huo ni wao. Ukungu ulioko juu yake ni wa posta.

Nakala mbili, toni mbili. Ipi ndiyo kasi ya kweli?

Kaseti inatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Deki ikichezesha kwa kasi zaidi kwa asilimia 3 na nyingine ikarekodi kwa kasi sahihi, nakala inapanda toni kwa asilimia 3, ambayo ni nusu ya nusu toni. Ikipita deki mbili zenye kosa la upande mmoja, umepanda nusu toni nzima, na mpiga gita anayejifunza kwa kusikiliza ataishia kukaza nyuzi zake bure.

Usiamini toni ya gita kama kipimo. Bendi hizi zilikaza nyuzi kwa kulinganishana wenyewe kwa wenyewe, si kwa mashine. Kipimo bora ni umeme. Mitambo ya muziki huingiza mngurumo wa umeme wa nyumba, na Hungaria, kama Ulaya nzima na kama kwetu, umeme ni hezi 50. Fanya hivi: chukua sekunde kadhaa za ukimya kati ya wimbo na wimbo, fungua kwenye programu ya Audacity sehemu inayochora masafa, chagua ukubwa wa 65536. Kwa rekodi ya sampuli 48,000 kwa sekunde utaona tofauti ndogo hadi hezi 0.7. Usiangalie 50 yenyewe. Angalia haimoniki yake ya tatu, yaani 50 mara tatu, 150, kwa sababu hapo kosa limekuzwa mara tatu. Ukikuta kilele kwenye 154.5, kanda inakwenda mbio kwa asilimia 3. Irudishe kwa kuzidisha kasi kwa 0.971, na hakikisha unabadili kasi na toni kwa pamoja, usiguse toni peke yake.

Mtego uko hapa: deki yako nayo inaingiza mngurumo wake wa 50 kamili wakati unahamisha, na deki za waliodurufu zimeacha yao. Utaona vilele kadhaa vimepangana. Kile kilichokaa kwenye 150 sawasawa ni chako, kidharau. Waliopo Marekani na Kanada wana nafuu, umeme wao ni hezi 60 na hauchanganyiki na wa Ulaya. Na kwa kuwa umeme wenyewe hupanda na kushuka, tofauti iliyo chini ya asilimia 1 usiihangaikie.

Nimepata kanda ya zamani. Niihamishe vipi kwenye kompyuta?

Usianze kwa kuichezesha. Anza kwa deki.

Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya vidonda isitumike kama ina mafuta au rangi, inaacha utando. Safisha hedi, kisha kijiti cha chuma kinachozunguka, kisha kigurudumu cha mpira kinachokibana. Endelea kubadili pamba hadi itoke nyeupe. Kigurudumu kikiwa kinang'aa kama kioo, mpira umekufa na utepe utateleza au kutafunwa. Kibadilishe, spiriti haitakifufua.

Vunja vile vijimlango viwili mgongoni mwa kanda kama bado vipo, ili usirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Peleka kanda mbele mpaka mwisho, rudisha mwanzo. Hilo linalegeza utepe uliokaa miaka bila kusogezwa. Kama umekaza sana, igonge kanda bapa kwenye kiganja mara mbili tatu, au zungusha kwa kalamu ya risasi.

Kisha panga hedi kwa kanda hiyo. Kando ya hedi kuna skrubu mbili. Moja ina springi chini yake, ndiyo inayoinamisha. Chezesha sehemu yenye matoazi mengi, weka sauti kwenye mono, geuza skrubu hiyo polepole kwa bisibisi ndogo, robo mzunguko haihitajiki, mpaka trebo iwe kali kuliko yote. Mono ni muhimu: chaneli mbili zisipofika pamoja zinafutana, na sikio linasikia mara moja. Mbinu hii inarekebisha kosa la aliyedurufu mwisho tu. Makosa ya waliomtangulia yameshachomelewa humo. Ukimaliza, irudishe hedi ilipokuwa kwa kutumia kanda nzuri ya dukani, la sivyo kanda zako nyingine zote zitaharibika masikioni mwako.

Chomeka tundu la kutolea sauti la deki kwenye tundu la kuingizia la kompyuta au kadi ya nje. Usitumie tundu la hedfoni kama kuna jingine. Rekodi kwa biti 24, sampuli 48,000. Panga kiwango vilele vifike desibeli 6 chini ya ukomo. Dolby izime kama huna hakika, unaweza kuirekebisha baadaye, lakini iliyowashwa kimakosa hairekebishiki. Kanda ya dakika 60 itachukua takriban gigabaiti 1. Hifadhi faili hilo bila kulifanyia lolote, na kazi nyingine zote zifanyike kwenye nakala yake.

Utepe umekatika, au una unga mweupe. Nitupe?

Usitupe. Kanda iliyofungwa kwa skrubu tano inafunguka, iliyogundishwa inapasuliwa kwa uangalifu kwenye mshono. Unganisha ncha kwa plasta maalumu ya utepe, upande wa mgongo, yaani ule usiogusa hedi. Selotepu ya dukani hutoa gundi kwenye joto na itagandisha mzunguko unaofuata. Kama kile kipedi kidogo cha sponji kinachosukuma utepe dhidi ya hedi kimedondoka, sauti huwa hafifu na yenye kuyumba. Hamishia utepe kwenye ganda jingine zima, ni rahisi kuliko kukigundisha.

Unga mweupe kingoni mwa utepe ni kuvu, na kwa kanda zilizokaa Mombasa, Unguja au Dar ni jambo la kutarajia. Usiichezeshe kwenye deki nzuri, mbegu za kuvu zitahamia kwenye kanda zako nyingine. Vaa barakoa. Kausha kanda siku kadhaa ndani ya chombo kilichofungwa chenye vifuko vya silika, kisha peleka mbele na kurudisha kwenye redio kaseti mbovu usiyoijali, ukiifuta kila mzunguko. Kanda za C-120 (za dakika 120) zina utepe mwembamba mno na hunyooka kwa mvuto, kwa hiyo hizo usizirudishe kwa mashine, tumia mkono.

Nisafishe mvumo kwa programu?

Kidogo, au kabisa usisafishe. Mvumo uko kwenye masafa yale yale ya matoazi na ya mkwaruzo wa gita. Programu haijui tofauti, na matokeo yake ni ule mlio wa mapovu. Zaidi ya desibeli 6 za kupunguza ni kuharibu.

Nauziwa kanda "halisi ya 1988". Nitajuaje?

Elewa kwanza kwamba kanda ya demo haikutoka kiwandani. "Halisi" maana yake ni nakala iliyodurufiwa na bendi au mtu wa karibu, kwa hiyo hakuna muhuri wa kukuokoa. Kuna ishara tu.

Jalada: fotokopi ya zamani ni unga mweusi uliokaa juu ya karatasi, na kwenye mikunjo hupasuka na kuacha mstari mweupe. Gusa pembeni kwa pamba iliyolowa kidogo, na kwa ruhusa ya muuzaji. Wino ukitoka, hiyo ni printa ya nyumbani ya miaka ya karibuni. Msimbo wa milia wa dukani kwenye jalada la demo ya 1988 ni kichekesho. CD rasmi ya kabla ya 1995 haipo.

Kanda: chunguza aina ya ganda na maandishi ya mtengenezaji. Watengenezaji walibadili miundo kila baada ya miaka michache, na wapenzi wa kaseti wameipanga kwa mwaka. Ganda lililotoka baada ya tarehe inayodaiwa linamaliza mjadala.

Sauti: ihamishe kwenye kompyuta uangalie picha ya masafa. Ukikuta kila kitu kimekatwa kama kwa kisu kwenye kilohezi 16, chanzo chake huenda ni MP3 ya kilobiti 128. Utepe haukati namna hiyo, unafifia taratibu.

Nianze na wimbo gani?

"Elisabeth Bathori", bila ubishi. Nyimbo nyingi za kanda hii zinakimbia kwa thrashi (metali ya kasi) ya Kijerumani, na nzuri zake ni nzuri. Huu haukimbii. Gita linazunguka na tuni moja ya huzuni ambayo utajikuta unaipiga mluzi jikoni, na sauti inasimulia juu yake badala ya kupigana nayo. Hapo ndipo muziki huu unaacha kuwa thrashi yenye hasira na kuwa kitu kingine. Dissection ya Uswidi waliuimba upya kwenye *Where Dead Angels Lie* ya 1996, na wengi waliufahamu huko kwanza. Sikiliza yote mawili mfululizo: Dissection wamepiga kwa usafi zaidi, Tormentor wanatisha zaidi.

Huyo Elisabeth Bathori ni nani?

Báthory Erzsébet, mwanamke wa ukoo mkubwa wa Hungaria, aliyezaliwa 1560. Alikamatwa Desemba 1610 akituhumiwa kutesa na kuua wasichana waliomtumikia. Watumishi wake walihukumiwa na kuuawa 1611. Yeye mwenyewe hakufikishwa mahakamani, akazuiliwa kwenye ngome ya Csejte, leo Čachtice nchini Slovakia, hadi alipofariki 1614. Hadithi ya kuoga damu ili arudishe ujana haimo kwenye ushahidi wa wakati wake. Ilichapishwa mara ya kwanza 1729. Bendi ya Uswidi ya Bathory nayo ilichukua jina hapo. Ila kwa Tormentor ni historia ya kwao, ya shuleni, si kitu cha kuokotwa kwenye filamu.

Csihar aliingiaje Mayhem?

Kupitia kanda. Euronymous, mpiga gita wa Mayhem, aliipenda *Anno Domini*. Mwimbaji wao Dead alikuwa amefariki 1991 na kuacha mashairi bila sauti, ndipo Csihar akaitwa. Alirekodi *De Mysteriis Dom Sathanas* mwaka 1993 kwenye ukumbi wa Grieghallen, Bergen. Euronymous aliuawa Agosti mwaka huo huo, albamu ikatoka 1994. Usitegemee kusikia sauti ile ile ya 1988: huko Bergen anaimba kwa koo zito kama mtu anayesoma liturujia, na waliotarajia mayowe walinung'unika. Alirudi Mayhem 2004.

Nataka kupiga gita kwa mtindo huu.

Jifunze kupiga uzi mmoja chini na juu bila kukatiza, noti nne kwa kila pigo. Anza na mapigo 120 kwa dakika, ambayo tayari ni noti 8 kwa sekunde. Ukimaliza dakika mbili bila kuyumba, panda mapigo 5. Ncha ya kipigio iingie kwenye uzi milimita 2 tu. Ikizama zaidi inakwama, na mkono unajikaza kutoka kwenye kiwiko. Mkono ukiuma, kasi ni kubwa mno. Punguza, usivumilie.

Kosa la pili ni kuzidisha mkwaruzo. Amplifaya ikifunguliwa mpaka mwisho, noti zinazokwenda mbio zinagandamana. Rudisha mkwaruzo hadi nusu, acha sauti za kati zilivyo, punguza besi. Gita peke yake litasikika jembamba. Weka dramu na besi chini yake uone.

Na sauti? Koo langu litapona?

Dakika 10 hadi 15 kwa siku mwanzoni, maji karibu, na msukumo utoke tumboni. Ukisikia maumivu au sauti ikakauka baada ya zoezi, unakwaruza koo badala ya kusukuma pumzi. Nyamaza siku mbili, na usinong'one, kunong'ona kunachosha koo. Maikrofoni ifanye kazi ya ukubwa. Mwangwi pia.

Ni muziki wa shetani?

Nyimbo zina kuzimu, makaburi na Transilvania. Ni hadithi za kutisha zilizopigwa na vijana kwa sauti ya juu. Mwenye imani inayomkataza asisikilize, na hatumshawishi.

Nimenunua *Recipe Ferrum!* na sielewi kitu.

Hiyo ni ya 2000, lebo ya Avantgarde Music, na ni kitu kingine kabisa: vipande vya mzaha, midundo ya ajabu, mipasuko isiyotarajiwa. Wanaoitafuta *Anno Domini* ndani yake hukasirika. Isikilize mwisho, au usiisikilize.

Bado wapo?

Walirudi 2017, na nyimbo za 1988 zimo kwenye maonyesho yao, Csihar akiwa mbele. Ukirekodi onyesho kwa simu, weka simu mbali na spika za besi na ufunge marekebisho ya moja kwa moja ya sauti kama simu inaruhusu. Yakibaki wazi, kila pigo la dramu litazamisha gita, na kesho utatuuliza mbona bendi inasikika kama imo kwenye ndoo.